Gunia la Wati Mia Mbili na Hamsini

Kompyuta ilizimika wakati Mutahi anataka kupiga penalti. Kioo kikawa cheusi, feni ikakohoa mara moja, halafu mashine ikaanza kujiwasha yenyewe, polepole, kama mlevi aliyeamkia mtaroni asijue alifikaje. Ilikuwa mara ya saba tangu Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

"Mama Anita," Mutahi akasema bila kugeuka, vidole bado viko kwenye vitufe, "hiyo ilikuwa goli."

"Ulikuwa hujapiga."

"Nilikuwa nimeshaona kipa anaenda wapi. Andika moja bila."

Kabura, mama yake Anita, ndiye aliyekuwa mwenye chumba. Mutahi alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa huko Tetu, mtu mzima mwenye tai shingoni, na kila siku saa ya chakula cha mchana alikuja kwenye chumba hiki kucheza mpira kwenye kompyuta badala ya kula. Ndiye aliyekuwa bingwa wa Nyeri. Jumamosi angecheza fainali na bingwa wa Karatina, hapa hapa, kwenye mashine hii hii, na mshindi angeondoka na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa ameshanunuliwa Mweiga, amefungwa nyuma ya jengo, na alikuwa akila kuliko alivyotarajiwa.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo la mzee Hezekiah, kwa hivyo wateja walicheza wakinusa dawa ya kupe. Kulikuwa na kompyuta nne. Tatu zilikuwa kuukuu, za kuchapia barua na kuchezea karata. Ya nne ndiyo iliyowavuta watu, nayo walikuwa wameipa jina la Freshiani, kwa sababu kama ng'ombe wa maziwa wa jina hilo ilikula sana na ilikamwa sana. Iliweza kuonyesha uwanja mzima, nyasi, mashabiki, hata jasho usoni mwa mchezaji. Pale Nyeri mwaka huo wa tisini na tisa hapakuwa na nyingine ya namna hiyo. Karatina ilikuwako moja, kwa bwana mmoja aitwaye Mwai, na Mwai alikuwa akingoja.

Kabura hakuja kwenye kompyuta kwa mapenzi. Aliletwa na goti. Alizaliwa Endarasha, na alipokuwa na miaka kumi na tisa alinunua gunia moja la viazi kwa jirani, akalipandisha lori la maziwa hadi Mweiga, akaliuza kabla jua halijapata joto. Tangu siku hiyo akawa dalali wa viazi kwa miaka ishirini na mitano. Alijua kila shamba la Kieni, alijua matope ya kila njia, na wanaume waliokuja kumdanganya bei waliondoka wakijikuna kichwa. Kisha mvua za elnino zikaja. Akateleza juu ya lori lililojaa, akaangukia goti, na daktari akamwambia maneno machache tu: usipande tena. Aliuza alichoweza kuuza, akakodi chumba. Binti yake Anita ndiye aliyemwambia kwamba vijana wa mji hulipa kwa saa ili wacheze. Kabura alikwenda akaona kwa macho yake mahali pengine, akahesabu vichwa, akaamini.

Kwa hivyo kila Freshiani ilipozimika, Kabura hakuona kioo cheusi. Aliona ubavu wa lori. Fainali ikivurugika, wachezaji wangehamia Karatina, na wakishahamia hawarudi; mteja ni kama nyuki, akipata ua la karibu hakumbuki mzinga wa jana. Chumba kikifa, kazi aliyoijua ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa juu ya lori.

Jumatano asubuhi akamwita fundi tena. Fundi aliitwa Mwirigi, kijana wa Meru aliyesomea kompyuta Thika miezi sita, mwenye kalamu nne mfukoni mwa shati ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika na zaidi ya moja.

"Mama, hii ni virusi," akasema.

"Jumapili ulisema ni virusi. Ukatoa. Nikakulipa."

"Virusi inaweza kurudi."

"Inarudi kutoka wapi? Kompyuta haijatoka hapa. Haijaenda harusi."

Mwirigi akaketi, akafuta kila kitu ndani ya mashine, akaanza kuijaza upya kutoka kwenye sidii. Kazi hiyo ilimla asubuhi nzima. Mchana Mutahi akaja, akalegeza tai, akacheza dakika sita, Freshiani ikazimika.

"Basi ni sidii ya gemu," Mwirigi akasema. "Hii si orijino."

"Ya Mwai ni orijino?"

Mwirigi akaisugua sidii kwa shati. Alasiri akasema ni joto, akafungua ubavu wa mashine na kuelekeza feni ya mezani ndani yake. Freshiani ikazimika ikiwa inapepewa kama bibi harusi. Saa kumi akasema ni stima, umeme wa Nyeri, unapanda na kushuka. Kabura akamwonyesha zile kompyuta tatu kuukuu, zilizokula stima hiyo hiyo kutoka ukuta huo huo na hazikuwahi hata kupepesa.

"Hizo ni mzee, mama. Mzee ni mvumilivu."

"Na mimi ni mzee," Kabura akasema. "Lakini mimi si mvumilivu. Toka, urudi kesho ukiwa na jibu moja. Moja tu. Nimechoka na haya majibu yako ya rejareja."

Jioni simu ya dukani kwa Hezekiah ikalia, naye akapanda ngazi kumwita. Alikuwa Mwai.

"Mama Anita, habari ya huko. Nimesikia mashine yenu ni mgonjwa."

"Nani amekuambia?"

"Habari inatembea. Sasa mimi nasema hivi, si kwa ubaya. Wewe lete huyo mbuzi hapa Karatina, tucheze hapa. Mashine yangu inakula nyasi na hailali."

"Na mbuzi atalala wapi?"

"Mbuzi halali mama, mbuzi analiwa."

Kabura akacheka kidogo, maana dalali hukasirika baada ya kukata simu, si kabla. "Njoo Jumamosi saa nane," akamwambia. "Ukipata imezima, beba mbuzi bila kucheza."

Alipoweka simu chini, Hezekiah alimtazama juu ya miwani. "Mbona umesema hivyo?"

"Sijui," akasema, na kweli hakujua. Ilikuwa imemtoka. Mwanamke ambaye hakuwahi kutoa gunia moja la nyongeza alikuwa amempa mtu mbuzi mzima kwa mdomo.

Alhamisi alifungua mapema, kabla ya Mwirigi. Akaiwasha Freshiani mwenyewe, akaketi mbele yake, mikono kifuani, kama anayemkabili mfanyakazi mwizi. Akaandika barua isiyo na maana. Haikuzimika. Akacheza karata karibu saa nzima, akashindwa mara tisa, haikuzimika. Akafungua mpira. Menyu ikaja, wimbo ukapiga, mashine ikaendelea. Akachagua timu. Bado. Uwanja ukajaa, wachezaji ishirini na wawili wakaanza kukimbia, mashabiki wakapunga bendera, na mashine ikafa.

Akarudia. Ikafa pale pale.

Hapo Kabura akalikumbuka lori la kwanza alilowahi kukodi. Lilikuwa zuri sana kwenye tambarare. Ungelipeleka bila mzigo hadi mwisho wa dunia. Lakini ulipolijaza viazi na kulielekeza kwenye mlima, lilizima katikati, kila mara mahali pale pale, na dereva alisema ni mafuta machafu, na turniboi wake wa kupakia alisema ni plagi, na ilikuwa injini ndogo iliyobandikwa jina la kubwa.

Mwirigi alipofika alimkuta amesimama.

"Hii si ugonjwa," akamwambia. "Hii ni mlima. Ikipewa kazi ndogo, sawa. Ikipewa mzigo, inaanguka. Ndani humo nani anabeba?"

"Anabeba nini?"

"Stima. Nani anaipokea kutoka kwa ukuta na kugawia wengine?"

"Ah, hiyo ni pawasaplai," Mwirigi akasema, akagonga kisanduku cha chuma mgongoni mwa mashine, chenye feni na waya nyingi. "Lakini hiyo iko sawa, mama. Kumbuka tulipiga hesabu. Prosesa, kadi ya picha, diski, feni, kila kitu, ni wati mia moja arobaini. Na wewe ulinunua ya mia mbili hamsini. Inabaki mia na kumi, inakaa bure."

Kabura aliikumbuka hesabu hiyo vizuri kuliko alivyotaka.

Mwezi wa Machi alikuwa ameteremka Nairobi na karatasi ya Mwirigi, akanunua Freshiani kiungo kimoja kimoja, kila kimoja duka lake, kila kimoja kwa vita vyake. Mwirigi alikuwa amemsihi achukue pawasaplai ya wati mia tatu. Kwa nini mia tatu, kama hesabu ni mia na arobaini? Ili ipumue, alisema. Kabura aliona huo ni upuuzi wa vijana. Yeye alikuwa ameishi na namba za kuandikwa ubavuni maisha yake yote. Gunia la viazi la Kieni limechapwa kilo tisini; lakini dalali huja na sindano na wavu, akalishonea kichwa, kile kichwa kikajazwa mpaka kikawa kama kilemba, na gunia hilo la tisini likapandishwa lori likiwa na mia na hamsini. Kila mtu anajua, mkulima anajua, askari wa barabarani anajua. Namba iliyoandikwa ni ya chini. Ukweli siku zote uko juu yake. Kwa hivyo kisanduku kilichoandikwa mia mbili na hamsini, Kabura aliwaza, hakika ndani yake mna mia tatu na kitu. Mwenye kulipa zaidi apate mia tatu ya maandishi ni mjinga.

Basi akachukua ile ya mia mbili na hamsini, na akaipigania hadi ikashuka chini ya bei ya ile ya mia mbili. Muuzaji alikubali haraka. Hapo ndipo angeshtuka. Mtu aliyewauzia watu miaka ishirini na mitano alipaswa kujua kwamba anayekubali haraka ana sababu. Lakini siku hiyo goti lilikuwa linamuuma na gari la kurudi lilikuwa linajaa.

"Itoe," akamwambia Mwirigi.

"Mama, nimekuambia iko sawa."

"Itoe niishike."

Mwirigi akachomoa stima, akafungua skrubu nne, akaitoa na waya zake zikining'inia, akampa. Kabura akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mzigo. Mikono ikapanda juu.

Akaitazama. Akaiinua tena kwa mkono mmoja. Mikono hiyo ilikuwa imeinua magunia tangu kabla Mwirigi hajazaliwa, na ilikuwa na akili yake yenyewe. Ilimwambia: usufi.

"Toa na ile ya mashine ya barua."

"Ile ni ya mia mbili tu. Na ni ya zamani, hata plagi yake haiingii hapa."

"Sijasema uiingize. Nimesema uitoe."

Dakika kumi baadaye walikuwa dukani chini, mbele ya mizani ambayo Hezekiah alipimia chumvi ya ng'ombe. Hezekiah alikuwa na mteja, mama mmoja kutoka Tetu aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ya ndama. Wote wakasogea kuona.

"Mama Anita sasa anauza vyuma kwa kilo," yule mteja akasema.

"Weka," Kabura akamwambia Hezekiah.

Ile kuukuu ya wati mia mbili ikalala kwenye sahani, na Hezekiah akaongeza mawe ya mizani mpaka kilo moja na nusu, na bado ikazidi kidogo. Halafu ile mpya, ya mia mbili na hamsini. Hezekiah akatoa mawe. Akatoa tena. Haikufika robo tatu ya kilo.

Mwirigi akacheka. "Lakini stima haipimwi na kilo, mama."

"Na gunia halipimwi na maandishi. Ifungue."

"Hizi hazifunguliwi. Kuna stima inabaki ndani, inaweza kunitupa ukutani."

"Itabaki mpaka lini?"

"Tungoje kidogo."

Wakangoja hadi mteja wa minyoo akamaliza shughuli zake, ila hakuondoka. Mwirigi akafungua mfuniko, akainama kuchungulia. Ndani mlikuwa na nafasi kama nyumba iliyohamwa. Kwenye ubao wa kijani mlikuwa na alama zilizochorwa, hapa koili, hapa koili nyingine, hapa hiki, hapa kile, na juu ya alama hizo hapakuwa na kitu, matundu matupu tu. Mabati ya kupozea joto yalikuwa membamba kuliko mfuniko wa sufuria. Ile kuukuu walipoifungua, ilikuwa imejaa hadi kidole hakipiti.

"Hii," Mwirigi akasema taratibu, "hata mia na ishirini haiwezi. Labda mia, kama haikimbii. Imejikaza tangu Machi, sasa imechoka."

"Kwa hivyo wameandika mia mbili hamsini."

"Kuandika ni bure, mama."

Kabura akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Hakumkasirikia muuzaji wa Nairobi; muuzaji alifanya kazi yake. Alijikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo haina pa kwenda. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameishi na namba inayodanganya kwenda chini, akadhani namba zote hudanganya kwenda chini. Lakini gunia linadanganya kwenda chini kwa sababu mnunuzi ndiye mwenye nguvu shambani. Ndiye anayeshona kichwa. Kule Nairobi mnunuzi alikuwa yeye, na hakuwa na sindano wala wavu. Anayeandika namba ndiye anayekula nayo. Jambo ambalo mtoto wa Endarasha angeliona kwa gunia, yeye hakuliona kwa kisanduku, kwa sababu kilikuwa na feni.

"Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi," Hezekiah akasema, ambaye alipenda methali kuliko zilivyompenda.

"Huu haukuwa wa mwenzangu," Kabura akasema. "Huu niliulipia."

Muda wa kwenda Nairobi haukuwako, na hata kama ungekuwako hakuwa na hamu. Lakini Nanyuki kulikuwa na mtu aitwaye Mburugu, aliyenunua kompyuta za ofisi zilizofungwa na kuuza viungo vyake. Ijumaa asubuhi Kabura alikuwa kwake kabla hajamaliza chai. Mkobani alikuwa na ile pawasaplai nyepesi, na chini yake mizani ya kuning'inia, ile ya viazi. Njia nzima alikuwa amepanga kuitoa mizani hiyo mbele ya Mburugu. Mlangoni akabadilisha nia. Muuzaji akiona unachopima, anajua unachojua, na bei hupanda hapo hapo. Akaufunga mkoba.

"Karibu mama. Unatafuta nini?"

"Pawasaplai. Nimeambiwa ni mia tatu, hakuna kingine."

Mburugu akampa moja inayong'aa, bado iko kwenye nailoni, imeandikwa 300 kwa wino wa dhahabu. Kabura akaipokea. Mkate. Uzito wa mkate wa nusu, kwa hakika.

"Nzuri," akasema, akaitazama kwa tamaa. "Bei?"

Mburugu akataja. Kabura akashtuka kwa uzuri sana. Wakaanza. Walishindana robo saa juu ya kisanduku hicho ambacho Kabura hangekichukua hata bure, na alipigana kweli, kwa sababu mtu asiyepigana hutambuliwa. Katikati ya maneno akatafuta mahali pa kuketi. Juu ya kiti palikuwa na pawasaplai nyingine, chafu, vumbi limeganda kwenye feni, waya zimefungwa kwa kamba. Akaishika kuisogeza, na mkono wake ukashuka.

"Na hii mmeiweka kwa kiti kwani ni mgeni?"

"Hiyo wachana nayo. Hiyo ni mzee, mia mbili thelathini na tano tu. Ilitoka kwa ofisi ya shamba la maua huko Timau."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Ilitoka ikifanya kazi. Lakini wewe unataka mia tatu."

"Nataka mia tatu," Kabura akakubali, akarudi vitani, akapigana mpaka Mburugu akafika mahali ambapo hashuki tena. Hapo akapumua kwa nguvu, akatazama mlango, akatazama goti lake. "Basi sina. Nitafanya nini. Hata nipe hiyo mzee, nirudi na kitu mkononi."

Mburugu akataja bei. Kabura akaikata nusu. Mburugu akakataa, akanywa chai, akakataa tena, akaongea habari za ukame, akapunguza kidogo, akakataa tena. Kabura akafurahi moyoni. Anayekubali polepole ana kitu.

Kabla ya kutoa pesa akachomoa ile nyepesi mkobani ili alinganishe plagi. Midomo ilikuwa sawa, matundu ishirini, safu mbili. Mburugu akaisoma namba.

"Hiyo ndiyo imekufa? Mia mbili hamsini? Sasa mama, si unashuka chini?"

"Nimezoea kushuka. Nilikuwa nashuka kwa lori. Iwashe hii mzee nione."

Mburugu akaiunganisha na mashine moja pale, ikanguruma sawasawa, feni ikamrushia vumbi la Timau usoni. Akajipangusa, akaifunga kwa gazeti.

"Nikuulize," akasema akimpa. "Zamani ulikuwa unauza nini?"

"Viazi."

"Nilijua. Mtu wa kompyuta hashiki kitu hivyo. Ningekuongezea bei."

"Ulichelewa," Kabura akasema.

Saa tisa alasiri Mwirigi alikuwa ameifunga mahali pake. Kabura akafungua mpira. Uwanja ukajaa, bendera zikapungwa, wachezaji ishirini na wawili wakakimbia. Dakika tano. Kumi. Mwirigi akacheza na yeye mwenyewe, mkono wa kushoto dhidi ya mkono wa kulia. Ikaisha mechi nzima, ikaisha ya pili. Walipofunga chumba saa kumi na mbili, Freshiani ilikuwa haijapepesa.

"Si nilisema ni pawa," Mwirigi akasema akikusanya bisibisi zake.

"Ulisema virusi."

"Nilisema virusi kwanza. Pawa ilikuwa inakuja."

Jumamosi saa nane kamili Mwai akapanda ngazi na watu wake kumi na mmoja, na kamba mkononi. Kamba hiyo aliibeba wazi ili wote waione. Bingwa wake alikuwa kijana mwembamba asiyesema kitu. Watu walijaa mpaka ngazini. Wa chini waliletewa habari kwa mdomo, na Hezekiah akafunga duka saa za kazi kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya kaka yake.

Kabura hakutazama kioo. Alisimama nyuma ya mashine, sikio karibu na feni, kama alivyokuwa akisimama kwenye bodi ya lori akisikiliza injini ikiukabili mlima. Iliunguruma. Kipindi cha kwanza kikaisha. Iliunguruma. Karatina walikuwa wanaongoza mbili bila, na hilo lilimhusu Mutahi.

Goli la tatu lilipoingia, Mutahi alilegeza tai, akainua macho kuelekea nyuma ya mashine. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko wachezaji wake.

"Mama Anita," akasema kwa sauti ya chini, "leo haizimi?"

"Haizimi."

"Hata kidogo?"

"Cheza."

Iliisha tatu kwa moja. Mbuzi akatoka Nyeri akaenda zake Karatina na kamba ya Mwai, akila majani ya kila ua alilopita. Nyeri nzima iliyokuwa ghorofani ikapiga kelele kwamba si haki, kwamba Mutahi hakulala, kwamba kijana yule si wa Karatina bali ni wa Kagumo, na kwamba lazima warudiane. Mwai akasema sawa, warudiane kwake.

"Yako ni ya wati ngapi?" Kabura akamuuliza.

Mwai akafikiri. "Mia tatu. Imeandikwa."

"Umeishika?"

"Naishika ya nini?"

"Basi nenda uishike, halafu unipigie simu." Akampa mkono. Jumanne ya wiki iliyofuata Mwai alipiga, akasema ameishika, akauliza huyo mtu wa Nanyuki aliyesikia habari zake anapatikana upande gani wa soko. Kabura akamwambia ataulizia. Akiwa bado anaulizia, marudiano yalichezwa Nyeri, na yaliyofuata pia.

Ile ya mia mbili na hamsini hakuweza kuiuza kwa mtu anayemjua, na kuitupa hakuweza, kwa kuwa aliilipia. Akaiweka sakafuni ishikilie mlango wa chumba, upepo wa mlimani usiupige wateja wakiwa wanacheza. Siku ya kwanza upepo ukaja alasiri kama kawaida. Mlango ukaisukuma hadi katikati ya chumba, ukajifunga kwa kishindo. Kabura akaitazama pale ilipoishia. Kisha akamtuma Mwirigi dukani kwa Hezekiah akalete jiwe.